Nyundo Chini ya Mto

Jumamosi alasiri duka la filamu lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wanaume wawili walikuwa wanavutana juu ya diski moja, kila mmoja ameng'ang'ania upande wake wa kasha, na mmoja alishakunja ngumi.

"Mpige basi tuone," alisema mwenye duka, mama wa makamo aliyekaa kwenye kaunta akipepea uso kwa gazeti. "Ila ukimtoa damu utafuta mwenyewe."

Ghafla watu wakasogea pembeni wenyewe. Mlangoni alisimama kijana mrefu aliyevaa koti jeupe, na kifua chote cha koti kilikuwa damu tupu. Wagomvi waliachia kasha wote wawili, likaanguka chini.

"Samahanini," alisema yule kijana. "Nimetoka kazini. Bucha ya pale kona."

Aliinama akaliokota kasha. Ndani yake palikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Akaisoma kwa sauti: "Mpangaji wa chumba cha nne hajaonekana wiki tatu, lakini viatu vyake vinang'arishwa mlangoni kila asubuhi. Mama mwenye nyumba amenunua friza. Usimuulize ya nini." Akainua uso. "Nani kaandika haya?"

Mwenye duka alielekeza kidevu kwenye rafu ya mwisho. Nyuma yake alikuwa amejibanza mtoto wa dada yake, msichana mwembamba aliyevaa gauni la kijani na sweta ambalo mikono yake aliivuta hadi ikafunika vidole. Wateja walimwita Kimya. Shule aliiachia darasa la tano, mama yake alipofariki, na tangu hapo akiwa mbele ya watu maneno yalimkauka kooni. Kazi yake dukani ilikuwa kuangalia filamu za giza, zile za ajabu ajabu ambazo hakuna aliyezitaka, na kuziandikia sifa. Zamani alianza kwa kuandika "Filamu hii inahusu," na filamu zikaendelea kukusanya vumbi. Siku moja akaandika kama jirani anayemnong'oneza jirani umbea wa nyumba ya pili. Hata jina la filamu hakuliandika, maana si liko kwenye kasha. Rafu yake ikawa tupu ndani ya wiki moja.

"Hii nimeiona, dada," kijana alimwambia. "Stori nzuri, lakini damu yake ni rangi ya ukutani. Damu ya kweli haing'ai hivyo. Ikikaa kidogo inakuwa nyeusi, na inanuka chuma."

Kimya aliongea na sakafu. "Na mfupa?"

"Mfupa gani?"

"Ukivunjika. Kwenye filamu unalia kama kijiti kikavu."

Kijana alifikiri. "Hapana. Unalia kwa ndani. Mkono unausikia kabla ya sikio."

"Jamani, kuna watu hapa ndio kwanza wametoka kula," alisema mama mdogo.

Kwa mara ya kwanza Kimya aliinua macho. Kijana alikuwa na macho mapole, kama ya mtu anayesubiri zamu yake bila kinyongo. Kimya akachomoa diski moja kwenye rafu. "Hii haina damu hata tone. Ukiimaliza uniambie kama umelala."

Kesho yake simu ya duka ililia asubuhi.

"Sikulala."

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye damu. Yule mzee anakaa tu kwenye kiti saa nzima, hafanyi lolote, na mimi nimemshika dada yangu mkono kama mtoto. Kuna nini chini ya ile meza?"

"Hawaonyeshi."

"Najua hawaonyeshi. Wewe unaonaje? Kuna nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Kimya anaonaje. Akaanza kueleza, akaeleza, hadi mama mdogo akatoka stoo kuja kuona ni nani anaongea dukani kwake.

Toka hapo simu zikawa za kila siku. Kimya alimwita Bucha, naye akaitwa "muuaji wangu," jina ambalo lilimfanya ainamishe kichwa na kucheka ndani ya sweta.

"Muuaji wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umewachinja wangapi leo?"

"Wawili. Lakini nilikuwa nakuwaza wewe, nikakata vibaya, mteja akanitukana."

"Alikutukana nini?"

"Siwezi kukwambia, bado hatujaoana."

Kuhusu dada yake Bucha alieleza kidogo kidogo. Alikuwa ndugu yake mkubwa wa pekee, na miezi miwili sasa alikuwa anaishi naye chumbani kwake ghorofa ya pili, amemkimbia mume. Mume huyo alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anasafiri wiki tatu, anarudi siku nne, na siku hizo nne zilikuwa za kipigo.

"Anazipenda hizo filamu zako kuliko mimi," Bucha alisema. "Mtu akichinjwa yeye anacheka. Anasema afadhali hao wanalipwa."

Ndipo Kimya akataka kumchagulia dada huyo filamu ya kwake mwenyewe. Akakumbuka moja iliyokaa kama nguo iliyopimwa: mke, mume wa safari, na kaka wa mke. Alifurahi sana kuikumbuka. Akaandika:

"Amechoka kupigwa. Safari hii nyundo iko chini ya mto. Mume akirudi atapigwa moja tu, ya kisogoni, na kaka mtu ameshachimba shimo nyuma ya nyumba. Wewe usiseme kitu. Angalia tu."

Bucha akampelekea dada yake kasha, karatasi ikiwa ndani. Yaliyofuata Kimya aliyajua baadaye. Jumanne mchana dereva wa lori alipanda ngazi za ghorofa ya pili akiwa na mfuko wa machungwa na sauti ya upole. Alisema amekuja kuomba radhi. Mkewe akamfungulia. Diski ilikuwa ndani ya mashine na kasha lilikuwa kabatini, lakini karatasi ilikuwa juu ya meza. Dereva aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akaenda akafunga mlango kwa ufunguo.

Alimpiga kwa pasi. Pigo la kwanza lilimpata mkewe begani, la pili alilikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika pale pale. Mke alipoanguka, dereva alimfuata chini kwa viatu. Machungwa yalitawanyika chumbani. Jirani aliyesikia kilio alikimbia hadi kwenye bucha, na Bucha akatoka mbio na koti lake, mkononi ana chuma cha kunolea visu. Mlango aliuvunja kwa bega. Alimpiga shemeji yake kifundo cha mkono, pasi ikaanguka, akampiga taya, meno mawili yakaruka. Dereva naye akamng'ata sikio na kulivuta. Walibingirika juu ya machungwa, damu na juisi vikachanganyika sakafuni, hadi majirani watano wakawatenganisha.

Dereva alitema damu, akainua karatasi juu. "Mmepanga kuniua," alisema. "Shahidi wangu huyu hapa."

Saa kumi Bucha alipiga simu dukani.

"Uliandika nini?"

"Bucha? Mbona sauti yako..."

"Kwenye ile karatasi. Uliandika nini?"

Bucha akamweleza yote yaliyotokea, bila kupumzika. Kimya alishika kaunta.

"Lakini ile ni filamu," alisema.

"Mimi najua ni filamu. Yeye hakujua. Mkono wa dada yangu umevunjika pawili." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Unachezea vitu hivi kwa sababu hujawahi kuvisafisha sakafuni. Usinipigie tena."

Jioni ile Kimya alizitoa karatasi zake zote kwenye makasha, moja moja, akazitia kwenye boksi la viatu. Siku mbili wateja walizunguka rafu kama watu waliopoteza funguo. "Huyu binti anaumwa?" waliuliza. "Anaumwa," alijibu mama mdogo, naye hakuongeza mzaha.

Ijumaa asubuhi simu ililia. Sauti ilikuwa ya mwanamke, imevimba.

"Wifi, ni mimi. Niko wodini. Wamemkamata kaka yangu, huyu Bucha wako. Mume wangu amepeleka karatasi polisi, anasema tulipanga kumuua na kumzika."

"Mimi ndiye niliyeandika," Kimya alisema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, dada. Ni mimi niliyekuvunja mkono."

"Hebu sikiliza. Huyu mwanaume alinivunja taya mwaka wa kwanza wa ndoa. Mwaka huo ulikuwa umeandika nini?"

Kimya alifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Nimekuuliza."

"Sikuwa nimeandika kitu."

"Basi. Aliyenipiga ana miguu na mikono, si karatasi. Nimemwambia kaka yangu hivyo hivyo, akalia kama mjinga, wakaja wakamchukua hata kamasi hajafuta. Sasa nenda ukaseme ile ni filamu."

"Mimi siwezi kusema mbele ya watu."

"Basi atafungwa," alisema dada mtu, na simu ikakatika.

Kimya alibeba boksi la viatu. Diski ilikuwa imebaki kule chumbani, lakini nakala ya pili ilikuwa stoo, akaichukua. Mama mdogo alitaka kwenda kumsemea. "Utasema vizuri kuliko mimi," Kimya alimjibu, "lakini wewe hujaziangalia."

Kituoni palikuwa na benchi refu, kaunta ya mbao iliyolika kingo, na televisheni kwenye kona ikionyesha mpira. Dereva wa lori alikaa kwenye benchi, mkono umefungwa bandeji, mdomo kama andazi. Nyuma ya kaunta alikuwa sajenti mnene mwenye miwani.

"Nimekuja," Kimya alianza, "kuhusu ile karatasi."

"Sauti, binti."

"Ile karatasi. Niliandika mimi. Si mpango wa kuua mtu. Ni filamu."

Dereva alishasimama. Hatua tatu tu, na kofi lake lilimpata Kimya mdomoni kwa nguvu zote za mkono mzima. Kichwa kiligonga kaunta. Akamshika shingo, akambana. Kimya aliona taa ya dari ikigawanyika mara mbili, akasikia viti vikianguka, kisha hewa ikarudi, na askari wawili walikuwa wamemkalia dereva mgongoni.

"Umeona?" dereva alipiga kelele chini ya magoti yao. "Ndiye huyo. Mkamateni."

Mdomo wa Kimya ulikuwa umepasuka na damu ilikuwa inadondoka kwenye kitabu cha sajenti. Pale pale angeweza kuondoka, hakuna ambaye angemlaumu. Akafungua boksi.

"Soma," alisema. "Soma yoyote unayotaka."

Sajenti alichukua moja, akaisoma, akachukua ya pili. Alivua miwani. "Huyu aliyejengewa ndani ya ukuta anaishi mtaa gani?"

"Anaishi rafu ya tatu."

"Na huyu daktari anayekula wagonjwa?"

"Rafu ya tano. Yuko na mkewe."

Askari kijana alicheka, akanyamaza alipotazamwa. Mpira ukazimwa, diski ikawekwa kwenye mashine. Kimya hakukaa. Alisimama kando ya televisheni na kueleza kila kitu, nani ni nani, kwa nini karatasi zake hazina majina, na namna alivyowachagulia hii kwa sababu ilifanana na maisha yao. Dakika ya arobaini mke alipapasa chini ya mto. Kaka mtu alikuwa anachimba. Sajenti aliangalia karatasi, akaangalia kioo cha televisheni, akaangalia tena karatasi.

"Mtoeni yule wa bucha," alisema. "Huyu mwingizeni mahali pake. Kwa mkono wa mkewe, na kwa alichofanya hapa mbele ya macho yangu."

Askari kijana hakusogea. "Afande, naomba kwanza tuone kama atakufa."

"Mwisho wake njoo ukodi," Kimya alisema, akachomoa diski.

Bucha alitoka bila mkanda wala kamba za viatu, sikio limefungwa pamba. Alimkuta kwenye ngazi za nje, kitambaa mdomoni. Alisimama ngazi mbili chini yake ili macho yao yalingane.

"Nilishamaliza kumpiga yeye," alisema, "na hasira ilikuwa bado inataka mtu. Nikakutafuta wewe kwa sababu ulikuwa karibu."

"Kosa langu lipo pia. Nilifurahia maumivu ya mtu kwa sababu yalipendeza kwenye karatasi."

"Nisamehe."

"Sitaki kupigwa, Bucha. Hata kwa maneno."

"Hutapigwa."

"Wote husema hivyo."

"Ni kweli," alisema. "Wote husema hivyo." Hakuapa wala hakuongeza neno, na hilo ndilo lililomfanya Kimya amwangalie vizuri.

"Nataka kukuoa," Bucha alisema. "Usijibu leo, mdomo wako unavuja."

"Twende kwanza wodini."

Kitanda cha dada mtu kilikuwa cha tatu kutoka dirishani. Uso wake ulikuwa na rangi nne, na mkono umening'inizwa. Kimya alimwomba radhi mwanzo hadi mwisho, amesimama wima, mikono nje ya sweta. Wagonjwa wa pembeni walisikiliza. Alipomaliza alimgeukia Bucha.

"Lile uliloniuliza kwenye ngazi," alisema. "Nimekubali. Nitaolewa na wewe."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni aligeuka. Wodi nzima iligeuka.

"Wifi," alisema dada mtu kwa taabu, akijaribu kutabasamu kwa upande wa uso uliobaki mzima, "punguza sauti, kuna wagonjwa humu."