Moto Uliozimwa kwa Maziwa

Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, karibu na njia ya kuingilia kijiji cha Hewani, wanawake kumi na mmoja wa Kiorma walimwaga maziwa yao yote juu ya injini ya pikapu yao ili kuzima moto. Maji hayakuwepo. Kilichokuwepo ni maziwa waliyokuwa wakiyapeleka soko la Garsen, wakayamwaga mpaka tone la mwisho. Dereva wao, Gollo, alifungua boneti kwa mikono mitupu, akaungua viganja vyote viwili.

Kufikia adhuhuri mji ulikuwa umeshampata mkosaji. Ni Iha Fondo, fundi wa umeme wa magari, Mgiriama mwenye kibanda nyuma ya stendi. Jumatatu alitengeneza honi ya pikapu hiyo kuukuu, na sasa koleo lake lenye herufi I.F. lilikuwa limeokotwa chini ya boneti, kando ya waya uliokatwa. Alikamatwa kikombe cha chai kikiwa mkononi. Mama Qabale, kiongozi wa kikundi cha maziwa, alisimama sokoni akamwita mchomaji mbele ya kila mtu. Konstebo aliyeandika maelezo ya Fondo aliandika sentensi mbili: "Mshukiwa amekana. Anajifanya hajui." Sentensi mbili, na mtu anapelekwa mahakamani Ijumaa saa tatu!

Koplo Lavender alizisoma Alhamisi asubuhi aliporudi kutoka likizo. Kabla ya kuhamia upelelezi alikuwa ameendesha magari ya polisi miaka sita, mengine mabovu kuliko hiyo pikapu. Alifunga faili kwa kishindo, akatoa koleo kwenye mfuko wa vielelezo na kuligeuzageuza. Mishikio yake ya mpira mwekundu ilikuwa safi. Alilinusa, akalirudisha, akaenda selo.

"Afande, koleo hilo nalitafuta tangu Jumatatu," Fondo alisema. "Nilipomaliza honi sikuliona tena."

"Nani walileta gari?"

"Gollo na Sadik, mwana wa Mama Qabale. Sadik ndiye msimamizi wa gari."

"Uligusa waya za taa?"

"Sikugusa! Honi iko mbele kabisa. Lakini mwezi jana hao hao walinijia. Walikuwa wametia balbu za wati mia kwenye taa za mbele, fyuzi ikawa yakatika kila siku. Wakataka niwatilie fyuzi kubwa. Nikakataa. Nikawaambia, waya huu ni mwembamba na mkongwe, fyuzi ikiacha kukatika utawaka huo waya. Rudisheni balbu ndogo."

"Aliyeomba ni nani?"

"Aliyenena ni Gollo. Afande, haya yote nilimweleza yule kijana wenu. Aliweka kalamu chini."

Lavender aliona aibu kwa sare aliyovaa.

Saa nne na nusu alikuwa kwa Mama Qabale, ambako pikapu ilivutwa kwa trekta saa moja asubuhi siku ya moto. Sadik alimfungulia lango la ua wa nyuma, ulimofungiwa gari, kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni.

"Ufunguo mwingine anao nani?"

"Hakuna mwingine. Mimi nalinda ushahidi, afande," Sadik alisema, akaongeza kwa haraka, "Angalia, balbu ni ndogo, wati hamsini na tano. Fyuzi ni ya ampea kumi na tano, sawasawa. Gari halina kosa. Mtu amelihujumu."

Lavender alifungua boneti. Maziwa yalikuwa yameganda kila mahali: juu ya betri, ndani ya vikombe vya taa, kwenye kila waya. Plastiki ya kuchomekea balbu ilikuwa imeyeyuka, ila balbu zenyewe ziling'aa kama zimetoka dukani. Waya uliokatwa ulikuwa na maziwa makavu kila upande, lakini pale kwenye mkato shaba ilikuwa nyekundu, safi. Akaingia ndani ya gari, mahali ambapo moto haukufika, akachuna waya wa taa kwa kucha. Hata huko shaba ilikuwa imeiva ikawa nyeusi. Waya ulikuwa umejipika wenyewe kutoka ndani. Kwenye boksi la fyuzi, ile fyuzi mpya ilichezacheza, maana plastiki ilikuwa imelainika na kuacha mfereji mwembamba wa mviringo. Alipima mfereji huo kwa msumari aliouokota uani. Ulilala ndani sawasawa.

Saa sita alikuwa hospitalini, kando ya kitanda cha Gollo.

"Ndiyo, mimi niliomba fyuzi kubwa," Gollo alisema, mikono yake ikiwa imefungwa bandeji. "Taa zilizimika nikiwa katikati ya ng'ombe barabarani. Niliogopa, afande. Fundi akakataa, nikanyamaza."

"Kisha?"

"Kisha zikaacha kuzimika zenyewe. Tangu ile arusi ya Witu, wiki mbili sasa. Nikamshukuru Mungu."

"Wewe ulikwenda arusini?"

"Sikwenda. Nilikuwa Ndera, matangani. Gari alichukua Sadik."

"Na baada ya moto?"

"Nililetwa hapa saa kumi na mbili na nusu. Sijatoka tangu hapo."

Saa tisa Lavender alirudi kwa Mama Qabale. Sadik alikuwepo, ameegemea gari.

"Binti yangu, unasumbuka bure," mama alisema. "Mwenye kosa yuko ndani."

"Mama, gari halikuwahi kunuka moshi?"

"Moshi? Kila siku linanuka! Sisi vyombo vya maziwa tunafukiza. Maziwa bila moshi nani atakunywa?"

"Mkirudi saa nne na vyombo hivyo hivyo, linanuka pia?"

Mama Qabale aligeuka, akaitazama pikapu.

"Hapana," alisema polepole. "Asubuhi tu. Giza likiwa bado."

"Taa zikiwa zimewashwa. Lilianza lini kunuka hivyo?"

"Siku baada ya arusi ya Witu. Nilisema wanawake wamezidisha kufukiza. Niliwagombeza." Akamgeukia mwanawe. "Sadik?"

"Mama, huyu afande anatafuta..."

"Natafuta msumari," Lavender alisema. "Uliutia mahali pa fyuzi, maana msumari haukatiki, ili taa zako zing'ae kwenye msafara wa arusi. Fondo aliligusa gari Jumatatu hii, waya ukiwa umeshaungua wiki mbili. Baada ya moto ulitoa msumari na balbu kubwa, ukakata waya, ukaweka koleo ulilomwibia Jumatatu kwa tamaa tu. Lakini maziwa ya mama zako yalimwagikia kila kitu humo. Koleo halina hata tone. Mkato wa waya hauna. Balbu hazina. Vyote viliwekwa baada ya moto, na ufunguo wa lango hili unao wewe peke yako."

Sadik aliushika ufunguo shingoni.

"Niliogopa," alisema. "Gari ni la wanawake. Wangeninyang'anya usimamizi."

"Na Fondo?"

"Yule ni mtu wa kuja. Nilijua hakuna atakayemuuliza mara mbili."

Mama Qabale alimzaba kofi, mara moja. Kisha akaketi chini mavumbini.

Ijumaa saa mbili mkuu wa kituo alimwambia Fondo aende zake nyumbani. Fondo hakuondoka.

"Nilitukanwa sokoni, si hapa ofisini," alisema. "Jina langu nitalichukua huko huko."

Saa tatu, saa ile ile aliyokuwa apelekwe mahakamani, Mama Qabale alipanda juu ya kreti katikati ya soko la maziwa. Alisema kwa Kiorma, kisha kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Jumatano nilisema Fondo amechoma gari letu. Nilisema uongo. Ni Sadik, mtoto nimezaa mimi. Fondo sikumuuliza hata neno moja. Mimi nilipiga kelele tu, na nyinyi mkaitikia."

Waliopiga kelele zaidi Jumatano ndio walioinamisha macho chini zaidi. Fondo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumshukuru. Amshukuru kwa lipi? Aliwapita katikati, akaenda kufungua kibanda chake.