Kaseti Kutoka Berlin Mashariki

"Hii kaseti nisaidie kuiandika, babe. Supervisor anaitaka Friday, na Kijerumani cha watu wa mashariki kinanishinda."

Hugues aliishika kwa vidole viwili. Alikuwa amempa Jepchirchir, mchumba wake, anwani za Berlin ya magharibi tu.

"Nilikuambia usiende kule."

"Thesis yangu ni ya mji mzima. Ukuta uliwatenga miaka ishirini na nane, kila upande ukawa na namna yake ya kuongea. Ningesikilizaje upande mmoja?"

Akambusu, akatoka mbio kuwahi basi la Small Heath. Kaka yake Walter alikuwa ameshafika huko kutoka Eldoret kwa ajili ya utambulisho wa Jumamosi. Ukoo mzima ulijua Hugues ni yatima, mzaliwa wa magharibi. Ndivyo alivyowaambia.

Hugues alitia kaseti kwenye redio, akabonyeza kitufe. Moyo ukampiga paa. Ilikuwa sauti ya mama yake.

"Huku kwetu daktari na mfagizi waliongea hivi hivi, hakuna aliyeona haya," mama alisema kwa lafudhi nzito ya mashariki. "Mimi nilitoka Uvira, Kijerumani nikakijulia kiwandani. Nchi ilipoungana, mwanangu akapata kazi hoteli ya upande wa pili. Kule lafudhi yetu ni ya watu wasiosoma. Siku moja nikaenda kumsalimia. Nilipofungua mdomo wenzake wakacheka. Wakamuuliza, unamjua huyu? Akasema hapana."

Hugues akazima redio. Jasho jembamba lilimtoka. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelikimbia swali hilo, hadi ng'ambo, kwenye mtaa huu wa Kingstanding, na sasa limemfuata chumbani. Afute? Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kurekodi.

Simu ikalia. Meseji ya Jepchirchir: "Umefika wapi? Huyo mama alinipikia sombe, yale majani ya muhogo. Ana picha za watu wake ukutani."

Picha zipi? Aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena, akalifuta.

Saa kumi jioni Jepchirchir aligonga mlango.

"Umesikiliza?"

"Ndiyo."

"Unamjua?"

Mwanaume wa watu akatazama zulia. Neno moja tu, na Jumamosi ingebaki salama.

"Nikisema, utaniacha?"

"Nimekuuliza kitu kimoja, Hugues."

"Ni mama yangu. Miye njo nilimukana. Niliona haya, chérie. Na sasa niko naogopa."

Jepchirchir akakaa kitandani, machozi yakimlengalenga.

"Niliona picha yako kwake tangu August. Hata yeye sikumwambia kwamba nakujua. Nimengoja useme mwenyewe. Ungesema humjui, ningemwambia Walter arudi nyumbani."

Akatoa kadi ya kupigia nje, akaikwangua, akabonyeza namba ndefu na kumpa simu. Hugues akaiweka sikioni.

"Halo?"

Kisha, kwa lafudhi ya mtaa wao, aliyokuwa ameizika tangu siku ile ya hoteli, akasema:

"Mama. Ni mimi, Hugues."

Mama akashusha sauti.

"Hapo ulipo kuna watu?"

"Yuko mchumba wangu."

"Anasikia unavyoongea?"

"Anasikia, mama."

"Basi sema kwa sauti."

"Ni mimi, mama, mwanao!" Hugues akapaza sauti huku analia. Jirani yake Manjit akagonga ukuta, lakini hakuacha.