Swali Moja Kabla ya Bahasha

Celine Awuor alikuwa na misumari kumi na miwili mdomoni na kiatu cha mteja magotini mtu mmoja aliposimama mbele ya kibanda chake, pale Kariokor, Jumamosi saa nne asubuhi, soko limefurika na nyundo zinagonga kila upande. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na juu yake koti jeusi la kola inayong'aa, ambalo hakuna mtu wa akili timamu angelivaa kwenye jua lile.

"Sasa, msupa," akasema. "Nataka pochi ya ngozi. Lakini ndani iwe na mfuko mwingine usioonekana."

Awuor akatema misumari kiganjani. "Kwani wewe ni mwizi?"

"Mimi hufanya kiinimacho."

"Si ni kitu kimoja?"

Mativo, muuza viatu vya akala wa kibanda cha pili, akaangua kicheko. Kijana hakuudhika. Aliokota msumari mmoja kiganjani mwa Awuor, akaufunika kwa ngumi, akapuliza, akafungua mkono. Mtupu. Mativo akasema, "Yesu na Maria!"

"Rudisha msumari wangu," Awuor akasema.

"Umeenda, manze."

"Uko mkono wa kushoto, katikati ya vidole. Ukiendelea kuubana hivyo utakudunga."

Kijana alitazama mkono wake, akamtazama Awuor, akacheka cheko la mtu aliyeshikwa peupe. "Miaka sita nafanya hii kitu. Hakuna mtu amewahi kuona."

"Mimi naishi kwa mikono. Mtu akija hapa naangalia mikono yake kwanza, sura baadaye."

"Na sura umeiangalia?"

"Bado. Kuna foleni."

Jina lake lilikuwa Johnson Mbugua, mkaazi wa Mowlem, na Jumatatu alirudi kusema pochi inabana. Jumatano akarudi kusema inalegea. Kufikia mwisho wa mwezi pochi ile ilikuwa imerekebishwa mara saba na haikuwahi kuwa na ubaya wowote. Awuor naye alianza kuja kazini na gauni lake la kitenge cha buluu, la kwenda kanisani, akalivalia aproni ya gundi juu yake. Hao walikuwa wamependana, hakuna haja ya kuzungukazunguka.

Kisha likaja jambo la Sebuleni.

Sebuleni kilikuwa kipindi cha mazungumzo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtangazaji mmoja aitwaye Mumin alipanga makochi na zulia jukwaani katika ukumbi wa mtaa, akaketi na wageni wake mbele ya watu mia nne, na kila kitu kikarushwa mtandaoni papo hapo. Mumin alikuwa amemwita Mbugua kwa mwezi wa Novemba. Dakika ishirini kwenye kochi, na ndani yake mchezo mmoja mkubwa.

Mbugua alikuwa na mchezo tayari kichwani. Bahasha ingening'inia kwa uzi juu ya jukwaa tangu milango ifunguliwe. Angewapa watu mgongo na kurusha mpira wa tenisi juu ya bega, na mtu yeyote atakayeudaka angepanda jukwaani, ataje mtu mmoja ampendaye na chakula au kinywaji ambacho mtu huyo humpikia. Mumin angefungua bahasha, na majibu yote mawili yangekuwa humo. Ubaya ni kwamba huyo mtu yeyote alipaswa kuwa Awuor, kiti cha pembeni, safu ya tatu.

"Na kwa hivyo," Mbugua alimwambia, "kuanzia leo hatujuani."

"Ati?"

"Miezi mitatu tu, Awu. Hatutembei pamoja, hatusalimiani, hakuna picha. Unajua watu wa huku. Mtu mmoja akituona tumeshikana mikono Jogoo Road, siku ya onyesho atapiga kelele kwamba imepangwa."

Hakuwa akitia chumvi. Mwaka uliopita, kwenye harusi moja Umoja, mtu alitambua kwamba aliyeitwa jukwaani alikuwa binamu ya Mbugua, akarekodi, na video ikazunguka mtaa mzima. Mpaka leo makondakta wanampigia kelele "Johnson wa Kupanga!" Mama yake aliacha kwenda kwa jumuiya ya kanisa kwa aibu. Ndiyo sababu Awuor alikubali. Mwanamke akiona kidonda cha mpenziwe hufanya mambo ya kijinga, na hili lilikuwa mojawapo.

Kwenye simu yake Awuor akamwandika Mbugua "Mwenye Maji." Yeye, kwenye simu ya Mbugua, akawa "Fundi Ngozi." Jumapili alasiri Awuor alikwenda Mowlem na mfuko wa vifaa begani kama fundi anayepeleka kazi, na mle chumbani kwa Mbugua wakafanya mazoezi mpaka shingo zikauma. Mbugua alirusha mpira, Awuor akadaka. Mikono yake haikosei. Kisha Mbugua aliuliza lile swali ambalo lazima liulizwe kabla bahasha haijafunguliwa.

"Dada, mimi na wewe tumewahi kuonana?"

"Hapana," Awuor alisema, halafu akacheka.

"Unacheka! Mgeni hawezi kucheka, bebi."

"Sasa kama nakuona na soksi moja, nisicheke?"

"Tena. Tumewahi kuonana?"

"Hapana." Na hapo lazima Mbugua ambusu, na hapo lazima mazoezi yaanze upya.

Nyumbani Makongeni, mama yake, Perez, mjane wa mtu wa reli, alimwona akicheka na simu jikoni. "Nyara, binti yangu, huyo mwenye maji anauza maji gani yanayochekesha hivyo?"

"Mama!"

"Niambie jina tu. Sitamla."

"Utamwona Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Atakuja hapa na wazee wao, mlango wa mbele." Hivyo ndivyo Mbugua alivyoahidi. Na jibu lao la bahasha lilikuwa Perez mwenyewe, na samaki wake wa kukaanga.

Perez hakuifikia hiyo Novemba. Alianguka kwenye kamba ya nguo Jumanne moja ya Oktoba, shuka likiwa bado mkononi, na kufikia jioni presha ilikuwa imemmaliza.

Matanga yalikaliwa siku tisa. Watu wa kanisa waliimba, majirani walileta sufuria na viti, Mativo alifunga kibanda siku mbili akaja kupasua kuni. Hata Batulo, mama wa viazi karai ambaye Perez alikuwa amegombana naye miaka mitano, alikuja akakaa chini akalia. Mbugua hakuja. Alipiga simu. Alipiga mara nyingi sana, na Frankline, kaka yake Awuor, akamletea simu uani akisema, "Mwenye maji tena. Kwani mfereji umekauka?"

"Njoo, Jonte," Awuor alimwambia Mbugua kwa sauti ndogo. "Njoo ukae tu. Huhitaji kusema kitu."

"Nakuja, mpenzi. Nitafanya vile nitaweza."

Na kweli alikuja, tusimsingizie. Asubuhi ya kuuchukua mwili alitokea mochari na koti lake jeusi, kwenye foleni ya watu wa kutoa pole. Awuor alimwona kwa mbali akamshukuru Mungu. Alisubiri. Mbugua akapita kwa mjomba Okumu, akapita kwa Frankline, akafika kwake. Akamshika mkono, sekunde mbili.

"Pole sana, dada," akasema, akapita.

Hakuna mtu duniani angedhani wanajuana. Hata jicho halikucheza. Awuor alibaki ameunyoosha mkono, na mama mwingine akaushika.

"Kijana huyo ni nani?" mjomba Okumu akauliza.

"Simjui, mjomba," Awuor akasema, kisha akapanda basi la kwenda Siaya kumzika mama yake.

Wiki tatu baadaye, mchana, akiwa kibandani, Awuor alimpigia Mbugua simu yeye mwenyewe.

"Awu! Asante Mungu. Sikiza, nimebadilisha bahasha. Mama hatumtaji kabisa, siwezi kukufanyia hivyo. Nimeweka Frankline na chai ya tangawizi. Ni sawa?"

"Ni sawa."

"Umenikasirikia."

"Jonte, mamangu amekufa hajui jina lako. Aliniuliza mara mbili. Nilimwambia angoje Novemba."

"Nilikuja mochari, Awu. Kulikuwa na watu wa Mowlem pale, na simu zao. Nilitaka kukushika nikashindwa."

"Nilikuona ulivyoshindwa. Ulishindwa vizuri sana." Akafuta machozi kwa aproni, gundi ikamwingia jichoni. "Nitakuja. Nitadaka mpira, nitataja Frankline, utapata makofi yako. Lakini lile swali usiniulize. Mchezo wote fanya, swali hilo ruka. Nimeshasema simjui mara moja, mbele ya jeneza la mama. Usinifanye niseme tena."

"Sitakuuliza. Haki ya Mungu, Awu. Nitaruka."

"Ukiniuliza, nitakujibu ukweli."

"Sitakuuliza, mpenzi."

Basi Jumamosi ikafika. Saa kumi alasiri ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watoto wameketi madirishani. Awuor alivaa nguo nyeusi ya matanga, kichwa kimenyolewa, na akaketi kiti cha pembeni, safu ya tatu. Mbugua, juu kwenye kochi, alikuwa na koti jipya la rangi ya zambarau, na alimchekesha Mumin kwa kutoa kijiko chake cha chai kutoka sikioni. Alikuwa mzuri. Awuor alijichukia kwa kuona kwamba alikuwa mzuri.

Mpira ulipaa juu ya bega. Mikono ya Awuor ikanyanyuka yenyewe.

Alipanda ngazi. Mumin akampa kipaza sauti, akampa pole kwa nguo nyeusi. Mbugua akafungua mdomo kuanza mchezo, na Awuor akaona kwamba kweli alikuwa analiruka lile swali. Moyo wake ukafunguka kidogo.

"Ngoja, ngoja," Mumin akasema, akicheka. "Hii ni Eastlands. Sisi hatuaminiani hata na mchele. Johnson, si unajua vile wanakuita? Hebu tuhakikishie. Unamjua huyu dada?"

Kutoka nyuma mtu akapiga kelele: "Wa Kupanga!" Ukumbi ukacheka.

Lilikuwa neno moja tu. Mbugua angesema namjua, basi. Au angesema tuendelee. Awuor alimtazama, na alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, kwa sababu hapo ndipo kila kitu chao kilipokuwa kimesimama. Shavu la Mbugua lilicheza. Kisha akamgeukia, akavaa lile tabasamu la mazoezi.

"Dada," akasema, "mimi na wewe tumewahi kuonana?"

"Hapana," Awuor akasema. "Simjui huyu mtu."

Hakucheka, na safari hii ulikuwa ukweli. Katika mazoezi yote hakuwahi kulisema vizuri hivyo. Alimtaja Frankline, akataja chai ya tangawizi, Mumin akakata uzi na kufungua bahasha, na ukumbi ukasimama. Watu walipanda juu ya viti. Mumin alijitupa kwenye zulia. Mbugua aliinama mara tatu, na alipoinuka Awuor alikuwa ameshuka jukwaani, na kiti cha pembeni, safu ya tatu, kilikuwa kitupu.

Mbugua alimfikia langoni, bila koti, akihema.

"Awu! Awu, nisamehe. Nilishikwa na woga. Twende kwenu sasa hivi. Wazee wako tayari, nimewaambia. Nina pete, ona." Na kweli alikuwa na pete, katika ile pochi, kwenye mfuko usioonekana.

"Ulipaswa kuruka, Jonte."

"Najua."

"Mumin alikupa nafasi, nikakuangalia. Mikono yako ilikuwa inatetemeka kwa ajili yao. Si kwa ajili yangu."

Vijana walikuwa wamewafikia, simu juu, kumi, kisha thelathini. "Johnson! Johnson! Kwani unamjua huyu dada?"

Mbugua aliwatazama, akaitazama pete. Na hapa, jamani, lazima tumpe haki yake. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Namjua. Ni mpenzi wangu. Anaitwa Celine Awuor, na mchezo wote tuliupanga."

Simu zote zikageuka. "Dada, ni kweli?"

Lilikuwa jambo ambalo Awuor alilitamani kwa miezi mitatu, na sasa lilikuwa limefika, kubwa, mbele ya watu, na alingoja limguse. Alifikiria shuka lililokuwa mkononi mwa mama. Alifikiria zile sekunde mbili za mochari.

"Nimeshasema simjui," akajibu. "Pisheni nipite."

Wakalipuka kwa kicheko. Johnson anataka kukatia msupa, kumtongoza kwa kiinimacho! Johnson ametupwa! Wakambeba juu kwa juu, sifa yake ikiwa salama salimini, na hakuna aliyemwamini alipoendelea kupaza sauti kwamba ni kweli, ni kweli, namjua.

Awuor alirudi Makongeni kwa miguu. Frankline alikuwa amechemsha chai, ya tangawizi, akamsogezea kikombe bila kuuliza alikotoka. Waliketi wakitazama kamba ya nguo uani. Simu ikaanza kuita mezani, ikakatika, ikaita tena.

"Ni mwenye maji," Frankline akasema. "Nishike?"

"Shika," Awuor akasema. "Mwambie maji tunayo."