Vigingi vya Siki

Saa tatu asubuhi, mbele ya mkandarasi, kigingi cha kwanza kilifukuliwa kikamegekea mkononi kama mkate mkavu. Cha pili vivyo hivyo. Mchwa walikuwa wamevila vyote.

"Mwaka mzima nimesubiri haya?" mkandarasi akauliza. "Milango ya shule nampa mwingine jioni."

Fundi aliyevifukia mwaka mmoja kabla, kuthibitisha kwamba mbao zake haziliwi, aliitwa Siki mtaa mzima, kwa harufu ya dawa aliyopikia mbao zake hadi mchwa wasizitambue kuwa chakula. Alikaa chini akalia. Bila kazi ile, karakana yake ilikuwa inafungwa. Shangazi yake, mpelelezi mstaafu, hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliomba msumeno.

Alikata kigingi kimoja, akanusa. Harufu ya siki hakuna; kilinuka oili chafu. Akakwangua matundu ya mchwa, ukatoka udongo mweusi, na uwanja ule ulikuwa mwekundu pyu.

"Hivi si vyako," alisema. "Vimeliwa kwingine, vikaletwa hapa."

"Ni muuza rangi!" Siki akadakia. "Ana kijicho na mimi tangu zamani."

Muuza rangi, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, alisogea mbele. "Kijicho ninacho, Shangazi, sikatai. Lakini kwangu ni saruji tupu. Mchwa niwatoe wapi?"

Mlinzi wa uwanja aliapa kwamba hajaingia mgeni.

"Na asiye mgeni?" Shangazi akauliza.

Mlinzi akakuna kichwa. "Kaka yake Siki tu, mwezi uliopita, kumpalilia nyasi. Nikasema, ndugu hao."

Moyo ulimuuma Shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Akamchukua Siki na mkandarasi hadi uani kwa mpwa wake mkubwa, seremala. Udongo wa pale ulikuwa mweusi.

"Mwanangu, vigingi vya mdogo wako viko wapi?"

Seremala aliweka randa chini. "Baba alinifundisha mimi, Shangazi. Mimi! Halafu akafa akimsifu yeye. Siku aliyofukia vyake, nami nilifukia vyangu hapa, nimevipaka oili chafu kama alivyopaka Baba. Nilitaka nimshinde tu. Vikaliwa."

"Ukabadilisha. Vyake ukavichoma?"

Alionyesha kona ya ua. Shangazi akafukua mwenyewe. Vilitoka vizima, vigumu. Mkandarasi akakigonga kimoja kwenye jiwe, akasema milango ni ya Siki.

"Kwa nini ulivifukia tena?" Siki akauliza.

"Ni palepale mchwa walipokula vyangu," kaka yake alisema, machozi yakimtoka. "Kila asubuhi nafukua, natazama. Kingeliwa hata kimoja, mdogo wangu, ningejua hukunishinda, ningekurudishia vyote nikakuomba radhi."