Kitanda Chenye Taulo

Jirani yetu muuguzi si mtu wa kuogopa kivuli chake. Wodini kwake ameshawafumba macho marehemu wengi, akanawa mikono, akaenda kunywa chai. Kwa hiyo siku aliyonisimulia haya huku akikataa kukaa karibu na kamba yangu ya nguo, niliacha kazi nikamsikiliza.

Ilikuwa likizo tu, tena likizo ya watu wasio na kitu. Yeye na mdogo wake walibeba mabegi ya mgongoni, wakawa wanazunguka miji ya pwani na kulala popote palipo rahisi. Mama yao alikubali kwa shingo upande. Huyo mdogo ndiye kitinda mimba, anapenda maji na kuogelea hajui. Mlangoni mama alimwambia muuguzi neno moja: "Ulivyomchukua, ndivyo umrudishe."

Wakafikia nyumba ya wageni yenye bweni moja, vitanda vya ghorofa vimebanana hata pa kupitisha begi hakuna. Ukitaka rahisi, vumilia, lakini na uvumilivu una mipaka. Feni ilizunguka ilipojisikia. Bomba la bafuni lilikohoa hewa tu. Soketi ilikuwa moja kwa bweni zima, na aliyeiwahi hakuiachia. Muuguzi alishaanza kununa kabla hajavua viatu.

Vitanda vya chini vilikuwa na watu, isipokuwa kimoja, tena kile cha dirishani chenye upepo. Juu ya godoro lake lilitandazwa taulo la kijani.

"Hicho kina mtu," mama mwenye nyumba alisema. "Hapa kwetu hatuandikishi wageni daftarini. Taulo likiwa kitandani, kitanda kina mtu. Usiliguse. Nyie wekeni yenu kule juu."

Wakapanda juu, pua karibu zigonge bati, wakaokwa kama mikate.

Kesho yake mwenye taulo hakuonekana. Siku iliyofuata vilevile. Begi lake halikuwapo, wala viatu. Lilikuwapo taulo tu, na kilichomkera muuguzi zaidi ni kwamba lilikuwa bichi. Katika joto lile nguo zilikauka hujamaliza kuzibana, lakini taulo la mtu huyo lilikuwa limelowa asubuhi, limelowa mchana, na godoro chini yake linanuka majimaji. Aliwauliza wenzake wa bwenini. Hakuna aliyewahi kumwona mwenyewe.

"Huyu mtu yuko wapi?" alimuuliza mama mwenye nyumba.

"Alikwenda kuogelea."

"Lini?"

Mama aliendelea kufagia. "Mvumilie, mwanangu," alisema bila kuinua uso.

Basi mchana mmoja, yule mdogo mtu akaamka na kichwa kinachogonga, mwili moto, midomo imepasuka. Ni lile bati. Muuguzi akamshusha kwa taabu. Mama mwenye nyumba alikuwa sokoni, na wageni wengine wote wako ufukweni. Na kitanda chenye upepo kinakaa bure, kimewekewa tambara na mtu asiye na haya! Hasira zikampanda hadi masikioni. Alilishika taulo la kijani kwa vidole viwili, akaenda kulibana kwenye kamba uani, juani kabisa. Kitandani akatandika taulo la njano la mdogo wake, akamlaza juu yake.

"Dada, na mwenyewe akija?"

"Akija aje kwangu. Nina maneno yake."

Akamnywesha maji, akangoja usingizi umchukue, kisha akatoka na ndoo kuchota maji ya kumkanda.

Taulo la kijani lilikuwa linadondosha maji. Si matone. Chini yake palishakuwa na dimbwi. Muuguzi akasonya, akaweka ndoo chini, akalikamua kwa nguvu zote alizojaliwa. Maji yakamtiririka hadi viwikoni. Akaligeuza, akalikamua tena. Bado yalikuja. Yalimwachia mchanga kwenye viganja.

Ndipo alipoona nyayo.

Zilianzia pale chini ya kamba. Miguu mitupu, mibichi, imevuka sementi kuelekea mlango wa bweni. Jua lilikuwa la kuunguza. Hazikukauka.

Aliingia mbio. Mdogo wake alikuwa amelala ukingoni kabisa, amejikunyata, mgongo umebanwa ukutani. Nusu nyingine ya godoro ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu, na imebonyea.

"Inuka," muuguzi alinong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona.

"Kaniambia nisogee."

"Nani?"

"Polepole, dada. Amechoka. Ameogelea sana."

Akamshika mkono. Ule mwili uliokuwa moto sasa ulikuwa baridi. Akavuta. Hakuinuka. Akavuta tena, na kutoka upande wa pili kitu nacho kikavuta. Maji yakaanza kumtoka mdogo wake puani, membamba, yenye chumvi. Hapo muuguzi, ambaye hajawahi kupiga kelele wodini, alipiga ukelele.

Mama mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza anafika. Kapu lilimdondoka mlangoni. Alilitazama taulo la njano.

"Hilo la nani?"

"La mdogo wangu."

"Mwanangu, nilikuambia nini? Kitanda nilimwekea ili akirudi apate pake, asitafute mtu!"

Akakimbia uani. Akarudi na taulo la kijani, akalichomoa la njano chini ya yule binti, akalitandaza la kijani penye mbonyeo, akalinyoosha pembe zake.

"Samahani, mgeni wetu," alinong'ona. "Kitanda chako ni hiki. Huyu si wako."

Uzito ukaachia. Dada wawili wakaanguka sakafuni, mdogo anakohoa, mkubwa analia.

Waliondoka alasiri ileile. Mabegi aliyafunga muuguzi mwenyewe. La njano alilikunja akalitia ndani. La kijani aliliacha kitandani, limetandazwa, limelowa, na aligeuka mara mbili kulihakikisha. Hilo aliniapia.

Kwao ni mbali na bahari, mji wa vumbi. Homa ya mdogo mtu iliisha njiani. Alikula, alicheka, alimwambia mama kuwa safari ilikuwa nzuri ila joto tu. Mama akamkagua toka kichwani hadi miguuni, akaridhika. Muuguzi alilala usingizi wa kwanza tangu waondoke. Alikuwa amemrudisha.

Asubuhi chache baadaye alikuwa jikoni anakunywa chai. Mama alikuwa uani, anagombana na nguo kama kawaida yake.

"Hivi hili taulo la kijani ni la nani?" mama alifoka. "Tangu mrudi naanika, naanua, naanika tena. Viganja vinaniuma kwa kukamua. Jua lote hili na halikauki!"

Kikombe kilimponyoka muuguzi mkononi. Kabla hajafungua kinywa, mdogo wake alijibu kutoka chumbani. Sauti ilikuwa ya chini na ya taratibu, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala pembeni yake.

"Lirudishe kitandani kwangu, mama. Kitanda kina mtu."