Mpunga wa Bahi

Ujumbe uliingia saa nne na dakika kumi asubuhi: "Harusi saa sita. Bwana harusi yuko Ihumwa."

Generosa akausoma mara moja, akaufuta, akazungusha mafuta ya pikipiki yake ya Boxer hadi mwisho. Mbele yake Scania lenye turubai la kijani, lililotokea njia ya Bahi, lilikuwa linapasua mji kwenda yadi ya makontena ya Ihumwa.

Saa sita mchana treni ya mizigo ingeondoka. Bwana harusi ndiye Raphael Mkwizu, mfanyabiashara wa nafaka, naye angesimamia upakiaji mwenyewe.

Nafaka! Generosa alitema mate pembeni.

Ndani ya mzigo ule mlikuwa na mbao za mvule kutoka msitu wa Kilunga, milima ya Morogoro. Vitalu sita Raphael alikwisha kuvifyeka, vikageuzwa mashamba ya mnunuzi mmoja wa ng'ambo. Mbao zikiondoka, ushahidi umekwenda, na kesho misumeno inaingia kitalu cha saba, cha mwisho. Humo ndimo inamotoka chemchemi ya kijiji cha mama yake.

Alivitembelea vile sita mwezi uliopita. Vumbi na visiki.

Yadini alivaa kizibao cha karani na kuchomeka kipokea sauti sikioni.

"Tai, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Mzee Thobias, mkuu wake wa upelelezi, akimwita kwa jina la kazi.

"Nakusikia, mzee."

"Karatasi zake safi. Magunia mia sita, mpunga mpya wa Bahi. Ukifungua kontena bila sababu, wakili wake atatutoa nishai."

"Nipe dakika tano."

Ilikuwa saa tano na nusu. Kivulini alikaa mpakiaji mmoja mtu mzima, Yotham, akinywa chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona mpunga wa Bahi mwaka huu umekubali."

Yotham alicheka hadi chai ikampalia. "Mpunga upi? Mvua imetutupa mkono. Kwenye majaruba tunachunga ng'ombe! Mimi wa Bahi hasa, nyumbani wanakula uwele."

"Na haya magunia?"

"Nashangaa na mimi. Mepesi mno. Lakini kibarua haulizi."

Kumbe! Raphael alichagua Bahi kwa kuwa Bahi ina jina la mpunga. Mtu wa mezani huyo. Hakuwahi kumuuliza mkulima hata mmoja kama amevuna.

"Mzee, Bahi hawajavuna hata kibaba. Shahidi ninaye, mzaliwa wa huko."

Mzee Thobias alijibu kwa neno moja.

"Fungua."

Raphael alikuwa kando ya kontena, anatafuna mbuzi choma, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye saa yake ya Rolex.

"Binti, unajua unaongea na nani?"

"Na mwizi."

Mlinzi wake alipeleka mkono kiunoni.

Akachelewa.

Teke la Generosa lilimpata gotini, akaenda chini. Alipoinua uso, bastola ya Generosa, Beretta, ilikuwa inamtazama. Polisi waliovaa nguo za wapakiaji wakamfunga pingu.

Kisu kikapasua gunia la kwanza. Pumba tupu. Nyuma ya magunia zilijaa mbao, mbichi bado, kila moja imegongwa alama ya uhalali. Nyundo ya kugongea alama hiyo, mali ya serikali, ilikuwa ndani ya mkoba wa Raphael, imeviringishwa gazeti pamoja na nyama. Generosa aliishika kwa ncha za vidole. Ilimtia kinyaa.

"Miti itaota mingine," Raphael alisema, bado anatafuna.

"Meza kwanza," Generosa akamwambia. "Halafu panda gari."

Saa sita kamili treni iliondoka. Makontena ya Raphael yalibaki.

"Tai. Askari wa misitu wako kitalu cha saba. Misumeno wameikuta haijawashwa."

"Asante, mzee."

Alinawa mikono bombani mara tatu. Harufu ya mvule haikutoka. Akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imechoka?"

"Kazi tu. Maji yanatoka?"

"Yanatoka, ila kidogo. Siku hizi ndoo moja tunaingojea tangu asubuhi. Zamani hatukujua foleni."

Generosa alitazama mbao zilizolala juani. Zile hakuna wa kuzirudisha.

"Wajaze tu, mama. Na kesho yatatoka."

Akavaa helmeti, akawasha pikipiki, akaondoka.