Mji Aliouchora Clavery

Jumamosi ile ya Novemba 1988, Suryakant alinipa bunda la karatasi nyeupe nimpelekee Clavery huko Ijumbi. Safari ya kawaida tu. Nilifika jioni, giza likianza kuingia migombani.

Sisi watatu tulikuwa na mchezo wetu. Suryakant aliuleta kutoka Uingereza kwa mjomba wake: kitabu cha kanuni, na dadu zenye pande ishirini. Kila mmoja anajifanya mtu fulani, shujaa au mganga, mnatembea katika nchi isiyokuwepo, na dadu zinaamua nani anapona. Tulicheza nyuma ya duka la baba yake, Bukoba mjini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Clavery alikuwa mchora ramani kwa kazi, na ndiye aliyetuchorea mji. Aliuita Mianga. Alipima malango, visima, hata mitaro.

"Mji usio na vyoo si mji, Saburi," aliwahi kuniambia.

Halafu akaugua. Ugonjwa ule ule uliokuwa ukimaliza kaya nzima nzima, ambao mwanzoni tuliuita Juliana, kabla ya kulijua jina UKIMWI. Akarudi kwa mama yake.

Mama huyo, Ma Anatolia, alinipokea mlangoni. Alipoziona zile karatasi akanishika mkono.

"Usimpe, mwana wange," alinong'ona. "Akichora, wanakuja."

"Akina nani, Mae?"

Aliuachia mkono wangu, akanifungulia mlango wa chumbani.

Chumbani kulinuka majani ya mkaratusi na jasho la homa. Clavery alikuwa amebaki macho na mifupa. Ramani ya Mianga ilifunika ukuta mzima. Nilipoiona mara ya mwisho ilikuwa na nyumba arobaini. Sasa ilikuwa mitaa kwa mitaa, nyumba zimebanana mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Nani atacheza humu mote?" niliuliza, nikijilazimisha kucheka.

"Si wa kuchezea tena. Watu wanahitaji pa kukaa."

Nje... miguu ikiburuzwa juu ya majani makavu ya migomba. Taratibu.

"Hodi, waitu."

Harufu ilimtangulia. Udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Mwanamke alisimama kizingitini, kanga imemgandama mwilini, maji yanamchuruzika. Mvua haikuwa imenyesha siku hiyo.

Nilimfahamu. Kemilembe, jirani yao. Mwezi Juni nilikuja kumjulia hali Clavery nikakuta msiba wake.

Nilishika jembe mimi mwenyewe kumfukia.

"Nimekuja kuomba nyumba," alisema. "Mlango uelekee ziwani."

Clavery hakushtuka. Alichukua kalamu, ikamponyoka.

"Mkono haunitii. Nichoree, Saburi."

Nikabandika karatasi mpya ukingoni mwa ramani, nikachora. Hata sijui nilipata wapi nguvu. Chumba kimoja, mlango ukielekea ziwani.

Kemilembe alikitazama kwa muda mrefu.

"Na wanangu?"

Watoto wake wawili walikuwa hai, kwa bibi yao kule Izigo.

"Usiongeze," Clavery alinong'ona. "Ukiwachorea, watamfuata. Nilishawachorea wengine... sikujua."

"Nisipoongeza?"

"Atabaki hapo. Kila jioni. Mama hawezi kuvumilia tena."

Mwanamke akasogea hatua moja. Maji baridi yakanigusa vidole vya miguu.

"Wanalia," alisema. "Nawasikia huko niliko."

Nikaongeza chumba. Kidogo. Nilitaka aondoke tu. Wallahi, ni hilo tu.

Alishukuru. Akaondoka.

Siku ya tisa mtoto wake mkubwa alifariki. Surua, walisema, na mwaka ule surua iliua watoto wengi. Huenda kweli ilikuwa surua. Mdogo yu hai. Lakini najiuliza, kama kile chumba ningekichora kikubwa...

Clavery alikufa Januari. Baada ya matanga Ma Anatolia aliniita ndani, akaitandaza ramani juu ya nyasi za sakafuni. Tulitafuta pamoja, mtaa hadi mtaa. Nyumba yake haikuwemo.

"Hakujichorea," alisema. "Anakuja kila jioni. Hodi yake naijua. Hana pa kwenda."

Nafasi ilikuwa imebaki kidogo, karibu na ukuta wa mji. Nikashika kalamu.

"Chumba kimoja, Mae?"

"Viwili. Na jiko. Yule hajui kupika."

"Mae, wewe huumwi."

Alinitazama bila hasira.

"Wanangu wote watano wamelala hapo kibanjani, chini ya migomba, Saburi. Nabaki na nani? Chora."

Nikachora ukuta wa kwanza. Nje, mtu alikohoa kidogo, kama anayengoja bila kutaka kusumbua.